Kalibu ya Waridi

Siku mbili kabla ya Krismasi, Leokadia na mashoga zake wawili, Domina na Felista, walikuwa jikoni kwake wakimimina chokoleti kwenye trei za barafu. Kalibu ya marehemu mama yake ya kuumbia chokoleti, ile yenye umbo la ua la waridi, ilipotea mwaka jana. Domina ndiye aliyelia naye wakiitafuta mpaka jalalani.

“Nimewaletea za dukani, onjeni,” Domina alisema, akifungua kopo.

“Tamu! Duka gani hilo?” Felista aliuliza.

“Huko mjini.”

Zilikuwa chokoleti za waridi, zote zimeparwa kwa kisu ukingoni, mahali pale pale. Leokadia alipekua hadi chini, akakuta moja iliyosahauliwa na kisu. Petali yake ilikuwa na kinundu, pale pale kalibu ilipomegeka siku mama alipoiangusha sakafuni.

Akaifumbata.

“Mbona huli, shoga yangu?” Domina alimuuliza.

Leokadia alizidi kukaza ngumi. Chokoleti ilikuwa ikichuruzika katikati ya vidole vyake. Domina akachukua kitambaa, akaanza kumpangusa mkono, kidole kwa kidole, taratibu, kama mama.