Nyota Tano za Luhende

Luhende alichovya pua ndani ya glasi, akafumba macho, na baa nzima ya Shimba pale Igogo ikanyamaza kama kanisani.

"Msimsumbue," mtu akanong'ona. "Anaisikiliza bia."

Kumbe mwenyewe hasikii chochote. Tangu ile homa iliyoingia nyumbani kwake mwaka jana ikalaza kila mtu, pua yake na ulimi wake vilikufa, havikufufuka. Chai ikawa maji ya moto, ugali ukawa uzito tu tumboni. Lakini mtu anayeitwa Bwana Nyota Mwanza nzima, asiyetia mdomo kwenye bia mpya bila maelfu kumtazama kwenye simu, atautangazaje msiba wa ulimi? Hakumwambia mtu. Hata mkewe, Evelina.

Alitumia ujanja. Kwao Usukumani, anayekukaribisha pombe huionja kwanza, uone haina sumu. Luhende akaigeuza mila hiyo kwa faida yake: yeye ananusa, mkewe anaonja, ndipo yeye anakunywa na kutoa nyota. Watu wakaipenda, wakasema jamaa hajasahau kwao. Hawakujua kwamba chumbani alikuwa amembembeleza, "Mama Yeremia, ukiipenda bia, gusa hereni. Usipoipenda, vuta kitenge begani. Nataka nione kama mimi na wewe tuna ulimi mmoja."

Tangu siku hiyo nyota zikawa zinatoka bila kukwama, na hakuna aliyebisha. Luhende akisema bia ina embe, baa nzima inasikia embe.

Ila leo kulikuwa na mtihani. Shimba, mwenye baa, alikuwa amepika bia yake mwenyewe, kali ya kuangusha dume la ng'ombe, iliyoshiba hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu. Luhende akifaulu, uso wake unabandikwa kwenye kila chupa. Akifeli, ajitafutie kijiwe kingine cha kuitwa bwana. Watu walikuwa wamevuka daraja kutoka Busisi kuja kushuhudia.

Aliyeuleta mtihani ni Mhoja, mfuga kuku wa Butimba, rafiki yake wa utotoni, mtu asiyelala na neno tumboni. Jumapili iliyopita Mhoja alikula sato kwa Evelina, akamaliza jagi zima la maji. Luhende, ng'ambo ya meza, alilamba vidole akiusifu mkono wa mkewe. Mhoja alitoka pale akitangaza mtaa mzima:

"Aliyemwita samaki yule mtamu hana ulimi, ana kipande cha ndala!"

Basi akamshawishi Shimba: weka glasi mbili, moja ya bia, nyingine siri yangu.

Luhende akatoa pua kwenye glasi ya kwanza, akatabasamu kwa mbwembwe, akampa mkewe. Evelina akaonja. Akagusa hereni. Luhende akanywa, akazungusha kinywani, akameza.

"Nyota nne. Hopsi zinapiga hodi mlangoni, halafu nyuma yake anakuja ganda la chungwa."

"Ndiyo yenyewe!" Shimba akapiga meza. "Hiyo ndiyo bia yangu!"

Vigelegele. Dada mmoja aliyekuwa na soda akaapa chungwa ameliona.

Ikaja ya pili, povu limejaa juu. Mhoja akasogea karibu, mikono kiunoni, anachekea puani. Luhende alipomwona vile, mbwembwe zikamwisha. Akainusa ile glasi uso umekakamaa kama bati, akaitoa.

Evelina akaonja. Akamtazama mumewe. Hereni hakuigusa, kitenge hakukivuta.

"Shemeji, umeganda?" Mhoja akadakia. "Au nikuletee samaki wako uzindukie?"

Watu wakaangua kicheko. Simu zikainuliwa. Evelina bado kamkodolea Luhende macho kama anayesubiri kuambiwa kitu. Maskini, kaona watu wengi kaingiwa na woga, Luhende akawaza. Akamtabasamia kumtia moyo, meno yote nje.

Mkono wa Evelina ukaruka hadi kwenye hereni.

Luhende akashusha pumzi, akaigugumia glasi nzima, akaiinua juu ikiwa tupu.

"Nyota tano! Jamani, huu ni uchungu wenye adabu. Shimba, sijui umeupata wapi, lakini hii ndiyo chupa ya kubandika uso wangu!"

"Adabu naisikia mpaka huku!" akaitikia mmoja wa wale wa Busisi.

Mhoja alikuwa ameshakaa chini, machozi yanamtoka. "Mwarobaini!" akasema alipopata pumzi. "Mwarobaini niliowachemshia kuku wangu wenye kideri! Juu nimeweka povu la bia tu. Na kuku wenyewe wameugomea!"

Baa ikapasuka. Shimba akaibandua picha ya Luhende iliyokuwa ukutani. Nyuma kabisa, mtu mmoja akauliza kama ile ya nyota tano inauzwa kwa glasi au kwa chupa.

Mume na mke walipanda mlima wa Igogo, kicheko kinawasindikiza. Walipofika kwenye mawe, Luhende akashindwa kuvumilia.

"Mama Yeremia, hereni uliigusa ya nini?"

"Si ulitabasamu?"

"Kutabasamu kwangu kunahusu nini?"

Evelina akainamisha kichwa, akaivua hereni, akaifungia kwenye pindo la kitenge.

"Baba Yeremia, tangu ile homa mimi hata chumvi siisikii. Siku zote naigusa nikiona umenusa ukatabasamu."