Namna ya Kuitikia Shikamoo

Hapo kale, kamati zilipokuwa bado chache, Punda Kijana alishtakiwa kwa kuwapiga mateke watoto wa Swala kila walipomwamkia. Kamati ya Utulivu Malishoni ilikwisha kuamua kumfukuza. Ilibaki kumsikiliza tu, kwa kuwa kanuni zilidai hivyo.

"Mtoto anakupa shikamoo, wewe unampa teke. Una wazimu?" aliuliza Korongo, mwenyekiti.

"Naitikia, Mheshimiwa. Kwetu ndivyo tunavyoitikia."

Baba yake, Punda Mzee, akaruka. "Mwongo huyu! Nimemlea kwa adabu. Nilikuwa namgusa kidogo tu, akomae."

Korongo, aliyependa ushahidi kuliko chakula, akaamuru jambo lenyewe lionyeshwe: baba awe mtoto, mtoto awe baba. Punda Mzee akainamisha kichwa, shingo upande.

"Shikamoo, baba."

Teke likatua. Mzee akapaa juu ya meza ya kamati, akaangukia kiti cha katibu, ambaye kwa bahati alikuwa ameenda msalani.

"Huko ndiko kugusa kidogo, baba," alisema kijana kwa upole. "Tena mimi nimetumia mguu mmoja."

Mzee akajipangusa vumbi. "Kwani nilipaswa kumjibu nini?"

"Marahaba!" wakasema wajumbe wote.

"Marahaba," akarudia polepole, kama anayeonja tunda geni. "Mimi baba yangu hakuwahi kuniambia hivyo."

Kamati ikaahirisha kumfukuza kijana mpaka babu yake aitwe ajieleze. Wito ulipitishwa kwa kauli moja. Aliyekosekana ni mjumbe wa kuupeleka, maana afikaye kwa mzee sharti kwanza amwamkie.