Guna Tatu

Kampala nzima ya mwaka 1972 haikuwa na dereva mtulivu kama Oloya wa Nsambya. Kifaru cha jeshi kingempita ubavuni naye angeendelea kutafuna karanga zake.

Siku hiyo alikuwa akimpeleka Entebe mzee Jayantilal, fundi cherehani, mmoja wa Wahindi waliopewa siku tisini wawe wameondoka nchini. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Ayot, mpishi wa mzee, aliyekuja kumsindikiza. Mapajani mzee alipakata kifurushi: Krishna wa shaba, urefu wa kiganja, aliyeabudiwa na babu yake, kisha baba yake.

"Vingine wachukue," mzee alisema. "Bila huyu sipandi ndege."

Walipoipita Katwe akaanza somo. "Guna ziko tatu, Oloya."

"Tatu tu, mzee? Mama mwenye nyumba wangu huguna mara saba kabla ya chai."

"Si kuguna huko kwenu. Kwetu guna ni kamba za dunia: utulivu, pupa na uzembe. Zote humfunga mtu."

"Hata utulivu?"

"Huo hasa. Mtu huanza kujisifu nao."

Oloya akaitazama barabara. "Basi nani huzivuka?"

"Anayempenda Mungu mpaka akajisahau."

Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliomba saa. Mzee akaivua. Akataka redio. Mzee akampa, akamwonyesha na kitufe cha kutafutia stesheni. Kisha mkono wa askari ukatua juu ya kifurushi, na mzee akafumba macho.

"Hii kitu ni dhahabu?"

Hapo injini ikaguna, mara tatu, kwa nguvu. Oloya, bila kope kutikisika, akamkazia askari macho: "Afande, hiyo ni Mungu ya mtu. Wacha."

Askari aliruka nyuma hatua tano. Saa na redio akavirudisha dirishani, amevishika kwa ncha za vidole, akawaamuru wapite upesi. Jioni ile mzee alipanda ndege, Krishna kifuani.

Ayot, anayemenya matoke hapa pembeni yangu ninaposimulia haya, ameweka kisu chini na kunigeukia.

"Injini gani, Oloya? Ulikuwa umeshaizima. Ulikuwa umejikunja chini ya usukani unaguna kama mwenye uchungu wa kuzaa, mpaka nikamwambia afande una kipindupindu."