Mwenzangu Kapewa Ruzuku

Jua lingali juu, Zuleha alifunga mlango wa mgahawa uliokuwa mbele ya nyumba yake, kisha akautia komeo.

"Sema polepole, baba," alimsihi mkaguzi. "Hapa Zinga hakuna siri ya watu wawili."

Mkaguzi, kijana wa bara aliyetumwa kuchunguza malalamiko ya ruzuku, alitabasamu. Hakuelewa mama huyu anaogopa nini.

Kipindupindu kilipoingia, serikali ilitoa ruzuku ili migahawa isife: matangi ya kunawia, sabuni, mchele na mafuta. Mtaani hapa alipewa mmoja tu, Tabia wa ng'ambo ya barabara. Tangu hapo Tabia aliuza ubwabwa kwa bei ya kutupa, na sufuria za Zuleha zikapoa. Wiki hii Zuleha angefunga biashara.

"Mwenzangu kapewa, mimi nimenyimwa," alisema Zuleha. "Ilhali sote tunapika, na ugonjwa ulitupata sote."

Mkaguzi aliandika: mfanyabiashara mwenzake.

"Aliyegawa ni nani?"

"Hamidu. Mwenyekiti wa kamati."

"Ana uhusiano gani na Tabia?"

"Ni mumewe."

"Ala! Basi huo si ushindani wa haki, ni upendeleo mtupu. Kesho nitamhoji."

"Usinitaje, nakuomba kwa jina la Mungu! Akijua ni mimi, nimekwisha."

"Atakufanya nini, mama? Mamlaka yake ni juu ya ruzuku tu. Juu yako hana."

Nje, pikipiki ilizimwa. Uso wa Zuleha ulisawijika. Alimshika mkaguzi mkono, akamvuta kuelekea mlango wa nyuma.

"Ni Hamidu! Pitia uani! Asikukute humu, nami nimejifungia!"

"Sikimbii." Mkaguzi alijinasua, akaketi. "Mimi ni mtumishi wa serikali. Mwache aingie, tumuulize haki iko wapi."

Mlango ulisukumwa. Ukasukumwa tena, kwa nguvu zaidi. Zuleha alijiziba kinywa kwa upindo wa kanga.

"Mama Lulu!" Hamidu aliita kwa sauti ya upole. "Mbona umejifungia, mke wangu? Fungua, leo ni zamu yako."