Msalaba wa Wino

Kifuniko cha birika kilikuwa kikitetemeka jikoni kabla ya alfajiri, mlango ulipopigwa teke. Hamadi mwenye nyumba na mkewe waliingia na ndoo ya maji ya klorini, wamejifunga vitambaa puani.

"Kila siku hospitali, kila siku hospitali! Utatumaliza na hiyo korona!"

"Mimi nina saratani, baba," alisema Sikudhani, mpangaji wao. "Nakwenda kupigwa mionzi tu."

Hamadi alimwangusha sakafuni. Mkewe alimsugua kifua kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka.

"Ona alivyo mchafu!"

"Si uchafu, ni alama za hospitali! Mkizifuta, mashine haitajua pa kupiga!"

Sikudhani alifunika kwa kiganja alama ya mwisho iliyobaki, msalaba wa wino. Walimponda vidole kwa ndoo, lakini hakuondoa mkono.

Alifika kliniki akiwa bado ameshika kifua. Zawena, mtaalamu wa mionzi, alikuwa akilala humo kwa mwezi mzima sasa ili asiwapelekee wagonjwa ugonjwa kutoka nje. Alimpima joto getini, akamwingiza, akamfuta damu polepole. Kisha akavikunjua vile vidole, kimoja kimoja.

Msalaba mdogo wa buluu ulikuwepo.

"Unatosha, mama. Mingine nitaipima kuanzia hapa."

Aliichora upya, machozi yakilowesha barakoa yake. Walipomaliza mionzi, Sikudhani alisimama getini akiitazama barabara ya kurudi nyumbani.

"Mama," Zawena aliita nyuma yake, "kesho uje tena. Nakuomba, uje."