Kofia za Maneno

Kofia zilimliza Voahirana Jumamosi tatu mfululizo.

"Kila neno lina kofia yake," alisema Mwalimu Rafaralahy, akigonga ubao kwa kijiti. "Mti una yake. Kisu kina yake. Vikiwa vingi, kofia inabadilishwa. Na maneno yote yanayofuata nyuma lazima yavae ya kufanana, kama watoto wa shule. Sasa wewe umeuvalisha mti kofia ya kisu. Anza upya."

Voahirana akaanza upya. Nani alimdanganya kwamba Kiingereza ni mteremko?

Katika mji mzima wa Ambositra, aliyejulikana kukijua Kiingereza alikuwa Rafaralahy peke yake. Wengine walikuwa na Kimalagasi chao na Kifaransa cha kukaririshwa shuleni. Yeye ujanani alikaa miaka sita kwenye bandari ya Waingereza, akipakua meli zao, mpaka waliposhusha bendera naye akarudi nyumbani. Hakurudi na mali. Alirudi na sanduku la bati, kaptula mbili na lugha. Kwa makopo matano ya mchele kila wiki, alikugawia lugha hiyo uani kwake, na usipoelewa alikutukana kwayo bure.

Voahirana alikuwa na sababu ya kuvumilia matusi. Kando ya msitu, Mwingereza mmoja alikuwa akijenga nyumba ya wageni, kwa watalii wanaokuja kutazama komba. Tangazo lilikuwa limebandikwa posta: nyumba ikikamilika, angetakiwa mwenyeji mmoja wa kuwapokea, sharti ajue Kiingereza. Asipopata kazi hiyo, shangazi yake alikwishaamua: binti aende Antananarivo akamfulie nguo binamu yake, yule mwenye watoto saba na ulimi wa kuchubua. Voahirana aliogopa ule ulimi kuliko zile nguo.

Basi akasoma. Aliwasemesha bata. Aliisemesha sufuria ya wali mpaka ukoko ukaungua. Na kusema kweli, mambo mengine yalimfurahisha. Kuandika, kwa mfano. Kifaransa kilimtesa kwa herufi zisizotamkwa, lakini Kiingereza unaandika unavyosikia, umemaliza. Halafu ile mifugo.

"Mwalimu, mbona ng'ombe wao, mbwa wao, hata kanga wao wa porini, wana majina kama ya kwetu?"

"Walipita hapa zamani," alisema Rafaralahy. "Wezi wakubwa wale."

Siku moja tu Voahirana aliingiwa na shaka. "Mwalimu, kwenye redio wanaimba Kiingereza kutwa. Sishiki hata neno moja."

"Hao Wamarekani. Wameiharibu lugha ya watu."

"Na padri anasema kwa Waingereza kuna baridi ya kugandisha maji."

"Padri alikwenda lini? Mimi nilitembea kifua wazi miaka sita, nikila samaki wa nazi. Hebu rudi kwenye kofia zako!"

Mwaka ukaisha, nyumba ikakamilika, siku ya usaili ikafika. Shangazi alikuja naye, amebeba begi la Voahirana likiwa limeshafungwa. "Gari la Antananarivo linaondoka adhuhuri," alisema. "Sitaki turudi nyumbani kuchukua vitu." Rafaralahy alikuja pia, kaptula imepigwa pasi, akasimama na shangazi chini ya dirisha lililo wazi.

Ndani alikaa Bwana Whitcombe, mzee mwembamba aliyeiva kwa jua, kalamu mkononi. Alifungua kinywa, lakini Voahirana alikuwa ameapa kumtangulia. Akamwamkia. Akajitaja jina. Akamuuliza habari za safari, za nyumbani, za jamaa wote, kwa pumzi moja.

Mwingereza akabaki kinywa wazi. Kalamu ikamdondoka, ikabingiria hadi mlangoni.

"Tumekwisha," akanong'ona shangazi.

Halafu yule mzee akaangua kicheko, cha mtu aliyekutana na nduguye sokoni, akavuta kiti chake karibu, akajibu. Na Voahirana akaelewa! Neno kwa neno akaelewa, akatamani kuruka dirishani akamkumbatie Rafaralahy. Wakazungumza habari za mvua. Wakazungumza habari za mpunga, na za komba walioiba ndizi za mafundi wakati wa ujenzi. Mara moja Voahirana aliuvalisha mlango kofia isiyo yake, akaivua haraka, akavalisha nyingine. Mzee akapiga makofi. Macho yalikuwa yakimlengalenga. Alisema hajaongea hivi tangu alipoondoka kwao, na tena na tena akamwomba aseme jambo lolote, hata la kipuuzi, mradi aendelee kusema.

Chai ikaletwa. Ikaletwa ya pili. Huko nje gari la Antananarivo likapiga honi, likaondoka, na hakuna aliyeliangalia. Shangazi alikuwa amelikalia begi. Rafaralahy alikuwa analia waziwazi, hafuti.

"Unasikia?" alimwambia shangazi. "Hakuna kofia hata moja iliyokaa upande."

Mwishowe Bwana Whitcombe akaifuata kalamu yake mlangoni, akarudi kitini, akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu.

"Mwanangu," akasema, kwa lugha ileile waliyokuwa wakizungumza tangu asubuhi, "umenirudisha utotoni kwetu Nakuru. Kiswahili chako kimenyooka kuliko changu. Haya, sasa tuanze usaili. Kiingereza unakijua?"