Kidoti cha Mama

Mchapa mabango Mbonea aliikuza picha ya simu, na uso wa mama wa mteja wake, Sekela, ukavunjika kuwa viraba.

"Dada, picha hii imefumwa kwa viraba kama mkeka. Ukiikuza, navyo vinakua. Huna nyingine?"

"Ndiyo hiyo tu, kaka. Na tunazika saa nane!"

"Basi nimchore kwa mistari. Mchoro hata ukijaza ukuta, hauvunjiki."

Mistari ikaanza kumrudisha mama.

"Usisahau kidoti chake shavuni."

"Humu hakionekani. Shavu lipi?"

Sekela alifumba macho. Alimwona mama akipepeta mchele, akicheka, akiwagombeza kuku, na kila mara kidoti kilihama shavu.

"Lipi, dada?"

Mkono wa Sekela uliinuka, ukasimama hewani mbele ya mashavu mawili matupu ya mchoro.